Viza ya kazi za mtandaoni: Ureno, Hispania, Morisi au Dubai?

Mtu anayeandika programu akiwa Arusha kwa kampuni ya Toronto, mfasiri wa Mombasa mwenye wateja Geneva, mhasibu wa Kigali anayefunga hesabu za duka la London: wote hawa wanaweza kufanya kazi yao popote penye umeme na intaneti ya kuaminika. Kinachowafunga ni ruhusa ya kukaa. Viza ya utalii inakupa wiki au miezi michache, na nchi nyingi haziruhusu ufanye kazi ukiwa nayo, hata kama anayekulipa yuko bara jingine. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi zimejaribu kuziba pengo hilo kwa viza ya mwaka mmoja au zaidi, kwa ajili ya mtu anayeingiza kipato chake kutoka nje na haombi ajira ya ndani.

Hapa nalinganisha nne ambazo watu wa kwetu huziulizia sana: Ureno, Hispania, Morisi na Dubai. Rai yangu naisema mapema. Usianze na nchi. Anza na namna unavyolipwa. Watu wawili wenye kipato kilekile, mmoja akiwa ameajiriwa kwa mshahara na mwingine anatoa ankara kwa wateja wake, mara nyingi wanahitaji nchi tofauti kabisa. Nimeona majalada mazuri yakikataliwa kwa sababu mwombaji alichagua mji anaoupenda, kisha akalazimisha kazi yake iingie kwenye fomu za mji huo.

Viwango vya kipato

| | Ureno (viza D8) | Hispania | Morisi | Dubai |
|---|---|---|---|---|
| Ilianza | Oktoba 2022 | sheria ya Desemba 2022 | 2020 | Oktoba 2020 |
| Kipato kwa mwezi, mtu mmoja | euro 3,480 (2025) | karibu euro 2,763 (2025) | dola 1,500 | dola 3,500 |
| Muda wa kwanza | mwaka 1, au viza ya miezi 4 kisha kibali cha miaka 2 | mwaka 1 kwa viza, hadi miaka 3 kwa kibali | mwaka 1 | mwaka 1 |
| Pa kuombea | ubalozini | ubalozini, au ndani ya nchi ukiwa huko kihalali | mtandaoni | mtandaoni |
| Njia ya ukaazi wa kudumu | ipo | ipo | hakuna ya moja kwa moja | hakuna ya moja kwa moja |

Viwango vya Ulaya vishike kama kanuni, maana kiasi chenyewe hubadilika. Ureno inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870. Hispania inataka mara mbili ya kima chake, kilichokuwa euro 1,184 mwaka huohuo. Lakini mshahara wa Hispania huhesabiwa kwa malipo 14 kwa mwaka, kwa hiyo zidisha kwa 14, gawanya kwa 12, ndipo uzidishe kwa mbili. Nchi zote mbili zimezoea kupandisha kima hicho mwaka hadi mwaka, na kizingiti cha viza hupanda nacho. Anayekusanya hati mwezi Novemba ili awasilishe Februari ahakikishe kipato chake kinazidi kiwango kwa asilimia 5 hadi 10.

Kwa mtu mmoja, Hispania ni rahisi kwa takriban euro 700 kila mwezi, na wengi wakiona hivyo huacha kusoma. Sasa ongeza mwenzi na mtoto mmoja. Hispania inadai nyongeza ya asilimia 75 ya kima cha chini kwa mwanafamilia wa kwanza na asilimia 25 kwa kila anayefuata. Jumla yake, kwa viwango vya 2025, ni karibu euro 4,144. Kanuni ya Ureno ya kujikimu inaongeza asilimia 50 ya kima cha chini kwa mtu mzima wa pili na asilimia 30 kwa mtoto, na jumla inafika euro 4,176. Tofauti yote imeyeyuka. Mwenye familia asichague kati ya nchi hizi mbili kwa sababu ya kiwango. Aangalie familia itaruhusiwa kuja lini, na hapo Hispania inaongoza kwa mbali, kwa sababu mwenzi na watoto wanaweza kuomba pamoja na mwombaji mkuu. Ureno ilikaza sheria yake ya wageni Oktoba 2025, hasa upande wa kuunganisha familia, na wengi sasa wanatakiwa kukaa kwanza kwa kibali halali kabla ya kuwaleta wenzi wao.

Ureno na Hispania

Hizi mbili zinafanana kwa jua na bahari, na watu huzitaja kwa pumzi moja. Kwenye karatasi zimeachana sana.

Nianze na hifadhi ya jamii, kwa sababu ndiko waajiriwa wengi wanakokwama. Hispania inataka mfanyakazi awe chini ya mfumo fulani wa hifadhi ya jamii muda wote anaoishi huko. Kama nchi ya mwajiri ina mkataba na Hispania, mwajiri anaweza kuleta cheti kinachoonyesha kwamba unaendelea kuchangia kwao. Kama mkataba haupo, kampuni inapaswa kujisajili katika mfumo wa Hispania na kukuchangia huko. Sasa fikiria mwajiri wako ni kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inayokukata NSSF. Utamwambia meneja rasilimali watu afungue akaunti ya michango Madrid kwa ajili ya mtu mmoja? Wachache watakubali.

Aliyejiajiri hapati tatizo hilo. Anajisajili mwenyewe Hispania, analipa mchango wake kila mwezi, na ofisi inaridhika. Kwa mgeni anayeanza kuna kiwango cha nafuu cha karibu euro 80 kwa mwezi katika miezi 12 ya mwanzo. Baada ya hapo mchango unafuata kipato halisi, na kwa mtu aliye kwenye kiwango cha viza unafika euro mia kadhaa kila mwezi. Ni gharama kubwa, lakini inajulikana mapema na inakupa haki ya matibabu ya serikali. Kuna faida nyingine pia: aliyejiajiri anaruhusiwa kuwa na wateja wa Hispania, mradi kazi yao isizidi asilimia 20 ya kazi yake yote.

Ureno haikuwekei sharti la cheti hicho mlangoni. Mwajiriwa analeta mkataba wake, barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba anaruhusiwa kufanya kazi akiwa Ureno, uthibitisho wa wastani wa kipato cha miezi 3 iliyopita, na hati inayoonyesha analipa kodi nchi gani. Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni hii: mwajiriwa wa mshahara atazame Ureno kwanza, mwenye ankara atazame Hispania kwanza. Zipo hali zinazovunja kanuni hiyo, ila si nyingi.

Mojawapo ni elimu. Sheria ya Hispania inataka shahada au cheti cha taaluma kinachotambulika, au angalau miaka 3 ya uzoefu katika kazi hiyohiyo. Vijana wengi waliojifundisha kuandika programu kwa video na kwa kujaribu wenyewe hawana shahada, na miaka hiyo mitatu lazima ithibitishwe kwa barua na mikataba. Aliyeanza juzi, hata kama analipwa vizuri sana, Hispania haimfai. Ureno haiulizi shahada. Hispania pia inataka kampuni unayoifanyia iwe imekuwepo kwa mwaka mmoja au zaidi, na uhusiano wako nayo uwe umetimiza miezi 3. Aliyehamia kwa mteja mpya mwezi uliopita asubiri.

Jambo la pili ni wapi jalada linasomwa. Utasikia sana kwamba Hispania unaomba ukiwa ndani ya nchi: unaingia kama mtalii, unawasilisha mtandaoni kwa kitengo kinachoshughulikia wataalamu wa kigeni, unajibiwa ndani ya siku 20 za kazi, na wakinyamaza ukimya wao unahesabiwa kuwa ndiyo. Unapewa kibali cha hadi miaka 3 badala ya viza ya mwaka 1. Yote hayo ni kweli, na ni njia nzuri. Lakini ushauri huo hutolewa zaidi na wenye pasipoti zinazoingia Ulaya bila viza. Sisi wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingilia Hispania na nchi nyingi za Ulaya, kabla ya kupanda ndege, na katika kuiomba tunaulizwa tunakwenda kufanya nini na tutarudi lini.

Nasema bila kuzunguka: usiseme uongo ubalozini ili ufike kwenye njia hiyo. Ukiandika kwamba unakwenda kutalii siku 10 huku mfukoni una hati za kuombea ukaazi, unahatarisha ombi hilo na kila ombi la Schengen utakaloleta baadaye. Ikiwa uko Hispania kihalali kwa sababu nyingine ya kweli, mathalani unamaliza masomo huko, itumie njia hiyo kwa moyo mweupe. Usipokuwa huko, nenda ubalozini. Hispania ina balozi Nairobi na Dar es Salaam. Na Mswahili anayeishi Muscat, Doha au London kwa kibali halali huomba kwenye ubalozi wa huko anakoishi. Halazimiki kurudi nyumbani.

Kwa Ureno unaomba ukiwa nje ya nchi hiyo. Kuna aina mbili za D8, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya ukaaji wa muda: mwaka mmoja, unaingia na kutoka, basi. Ya pili ni viza ya miezi 4 ambayo kazi yake ni kukufikisha Ureno ili upewe kibali cha ukaazi cha miaka 2. Anayetaka kuonja maisha achukue ya kwanza. Anayetaka kujenga achukue ya pili, ila ajue anaingia kwenye foleni. Idara ya uhamiaji ya zamani, SEF, ilivunjwa Oktoba 2023 na nafasi yake ikachukuliwa na AIMA, iliyorithi mlundiko wa majalada yapatayo 400,000. Serikali ilianzisha kikosi maalumu cha kuyapunguza, na hali imesogea, lakini bado kuna watu waliokaa miezi wakiwa na karatasi ya miadi tu mkononi. Mtu wa namna hiyo yuko kihalali, ila akitaka kusafiri nje ya Ureno, kufungua akaunti benki au kukodi nyumba, kila mahali anaulizwa kadi ambayo hajapewa. Kwa mtu ambaye wazazi wake ni wagonjwa nyumbani na anaweza kuitwa wakati wowote, hilo ni jambo zito kuliko euro 700.

Kisha nyumba. Kwa D8 ya ukaazi, balozi kwa kawaida hutaka kuona mahali pa kuishi palipothibitishwa, na mkataba wa miezi 12 ndio unaokubalika kwa urahisi zaidi. Maana yake unalipia nyumba Lisbon au Porto kabla hujajua kama viza itatoka. Tafuta mkataba wenye kifungu kinachouvunja viza ikikataliwa, na usimtumie mtu fedha kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeiona. Matapeli wanajua fika kwamba waombaji wa viza wana haraka. Hispania haikubani hivyo katika hatua ya viza. Katika nchi zote mbili, ukiacha miji mikubwa unapumua: Braga na Coimbra upande wa Ureno, Zaragoza, Murcia na Granada upande wa Hispania. Anayefanya kazi mtandaoni hana sababu ya kulipa bei za katikati ya Barcelona.

Na uraia? Ureno ilivuta watu wengi kwa ahadi ya miaka 5. Oktoba 2025 Bunge la nchi hiyo lilipitisha mabadiliko ya kuufanya muda huo kuwa miaka 10 kwa wageni wengi, na miaka 7 kwa raia wa Umoja wa Ulaya na wa nchi zinazozungumza Kireno, wakiwemo ndugu zetu wa Msumbiji. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikapinga baadhi ya vifungu. Anayepanga leo asijenge maisha yake juu ya miaka 5. Hispania imekuwa na miaka 10 siku zote kwa watu wa kwetu, na ukaazi wa muda mrefu baada ya miaka 5. Imebaki palepale, na kwa mtu anayepanga shule ya watoto, sheria inayobaki palepale ina thamani yake.

Kodi ya mapato

Ukikaa zaidi ya siku 183 katika mwaka Ureno au Hispania, unakuwa mlipa kodi wa huko kwa mapato yako ya dunia nzima. Tanzania haina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Ureno wala Hispania, kwa hiyo Mtanzania anayebaki na duka au nyumba ya kupangisha nyumbani aonane na mshauri wa kodi kabla ya kuondoka. Asingoje barua ifike.

Hispania ina utaratibu maalumu unaojulikana kwa jina la mchezaji mpira Beckham: asilimia 24 kwa mapato ya kazi hadi euro 600,000 kwa mwaka. Unafaa zaidi walioajiriwa, tena wenye kipato kikubwa, na unaombwa ndani ya miezi 6 tangu uandikishwe hifadhi ya jamii. Huo muda ukipita, umepita. Anayepata euro 2,800 kwa mwezi asidanganywe na jina hilo; hesabu ya kawaida yaweza kumfaa zaidi.

Ureno iliufunga utaratibu wake maarufu wa nafuu kwa wageni kuanzia 2024, na uliokuja badala yake unawalenga watafiti na kazi maalumu za teknolojia. Aliyejiajiri huko anasamehewa mchango wa hifadhi ya jamii kwa miezi 12 ya kwanza, kisha analipa asilimia 21.4 ya sehemu ya asilimia 70 ya mapato yake, yaani karibu asilimia 15 ya anachopokea. Ukiandika bajeti ya miaka miwili, andika pia siku ambayo msamaha huo unakwisha.

Morisi na Dubai

Hapa uchaguzi ni mwepesi zaidi, kwa sababu nchi zote mbili hazikuahidi kesho. Zinakupa mwaka mmoja unaoweza kuombwa tena.

Morisi ina kiwango ambacho mfanyakazi wa kawaida wa mtandaoni anaweza kukifikia: dola 1,500 kwa mwezi. Ilipoanzishwa viza hiyo haikuwa na ada ya maombi, na unaomba ukiwa nyumbani kwako. Sharti lake kubwa ni kwamba usiingie katika soko la ajira la kisiwa. Biashara na mapato yako yawe nje. Kabla ya kukusanya hati yoyote, angalia kama nchi yako imo katika orodha ya mataifa yanayokubaliwa, kwani viza hiyo inatolewa kwa raia wa nchi zilizoorodheshwa. Upande wa kodi, kinachotozwa ni fedha unazoziingiza Morisi. Matumizi ya kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa fedha zilizoingizwa. Watu wa huko wanazungumza Kikrioli na Kifaransa mitaani, na Kiingereza kinatawala ofisini, kwa hiyo Mkenya hapati shida kwenye fomu na Mkongomani hapati shida sokoni.

Dubai inataka zaidi ya mara mbili ya kipato hicho, dola 3,500, pamoja na mkataba wa kazi, taarifa za benki za miezi 3 na bima ya afya inayotumika Falme za Kiarabu. Unachopata ni kwamba mshahara hautozwi kodi ya mapato, unapewa kitambulisho cha ukaazi, na unaweza kuwadhamini wa familia yako. Kubwa zaidi, kwa mtazamo wangu, ni kwamba unajidhamini mwenyewe. Familia nyingi za pwani na za bara zina dada au kaka aliyekwenda Ghuba chini ya mwajiri anayeshikilia hatima yake yote. Viza hii ni kitu kingine kabisa: ukigombana na bosi wako wa Toronto, hakuna mtu wa Dubai atakayeshika pasipoti yako. Ndiyo sababu nasikitika kuona mawakala wanaouza viza za utalii za Dubai kwa vijana wakiziita za kazi. Kama mtu anakuuzia na hakuulizi mkataba wala taarifa za benki, anachouza si viza hii.

Gharama inayowaumiza watu Dubai ni pango. Nyumba nyingi hulipiwa kwa hundi chache za mwaka, kila moja ya miezi kadhaa, hivyo unahitaji akiba nene siku ya kwanza. Na ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 mfululizo, ukaazi wako unaweza kufutika.

Afrika Kusini nayo ilitangaza viza ya namna hii mwaka 2024, kwa kipato cha takriban randi 650,000 kwa mwaka. Kwa Mtanzania au Mkenya anayetaka kukaa ndani ya bara, kiwango hicho kipo chini ya kile cha Dubai. Estonia ilikuwa mojawapo ya nchi za mwanzo kabisa, Agosti 2020, lakini kiwango chake ni kikubwa na viza haizidi mwaka, kwa hiyo sioni kwa nini mtu wa kwetu aitangulize mbele ya Hispania.

Saa zako za kazi

Watu husahau hili hadi wanapohamia. Chukua kampuni ya New York inayoanza kazi saa tatu asubuhi kwao, majira ya baridi. Kwako Lisbon ni saa nane mchana, Madrid saa tisa, Nairobi saa kumi na moja jioni, Dubai na Morisi saa kumi na mbili. Ukifanya saa nane za kazi, Lisbon unafunga kompyuta saa nne usiku, Dubai unaifunga saa nane usiku wa manane. Mwenye bosi Marekani na watoto wadogo nyumbani, Ureno inampa maisha ya kibinadamu. Mwenye wateja India, Ghuba au Nairobi yenyewe, Dubai na Morisi zinamweka karibu nao kabisa, saa moja tu mbele yetu.

Jalada lenyewe

Popote utakapochagua, mambo mawili ndiyo yanayowaangusha watu wa kwetu zaidi ya mengine.

La kwanza ni njia ya fedha. Wengi hulipwa kupitia Payoneer au Wise, nusu inakwenda M-Pesa, nusu inabaki kwa dola, nyingine inamlipia ndugu ada ya shule moja kwa moja. Maisha yanakwenda, lakini afisa anayesoma jalada haoni kipato, anaona vipande. Angalau miezi 6 kabla ya kuomba, elekeza malipo yote kwenye akaunti moja ya benki yenye jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Kila kiasi kinachoingia kiwe na ankara au hati ya mshahara ya kiasi hichohicho na tarehe inayokaribiana. Gawa kwa familia baada ya fedha kuingia, usigawe kabla. Kama wateja wako ni wengi na wadogo, jitahidi kupata mkataba wa maandishi na wale wawili au watatu wakubwa, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja kazi, kiasi, muda, na kwamba kazi inafanyika kwa mbali. Kwa Hispania, kumbuka ile miezi 3 ya uhusiano huanza kuhesabiwa kwenye tarehe ya mkataba, na mkataba wa mdomo hauna tarehe.

La pili ni cheti cha polisi cha tabia njema. Kina maisha mafupi, kwa hiyo ukikichukua mapema mno kitaisha kabla ya miadi. Ukichelewa, alama za vidole na muhuri vitakula wiki ulizonazo. Kwa nchi iliyomo katika Mkataba wa Hague wa 1961, hati inathibitishwa kwa muhuri mmoja tu, apostili. Rwanda na Burundi zimo. Kwa nchi isiyokuwemo, cheti hupitia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na ndipo kwa Hispania kinakwenda kwa mfasiri aliyeapishwa. Ukiwa umewahi kuishi nchi nyingine miaka ya karibuni, mathalani Oman au Afrika Kusini, cheti cha huko nacho kitadaiwa, na hicho ndicho cha kushughulikia kwanza kabla ya kingine chochote, kwa sababu hukiombi kwa kupanda daladala.

Barua ya mwajiri iandikwe kwa maneno ya nchi husika. Barua inayosema unaruhusiwa kufanya kazi popote ni dhaifu. Iseme unaruhusiwa kufanya kazi ukiwa Ureno, au Hispania, itaje cheo, mshahara kwa mwezi, tarehe ya kuanza, na isainiwe na mtu ambaye simu yake inapokelewa. Muombe mwajiri barua hiyo kabla hujalipia kitu kingine chochote. Akikataa kuiandika, hakuna nchi kati ya hizi nne itakayokusaidia kwa mkataba huo, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado hujatoa senti ya pango la Lisbon.